Si Vizuri Fundi Randa Apumzike

Mama Futi hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa seremala, na jina hilo alilipata kwa sababu futi ya kupimia haikubanduka kiunoni mwake, akienda sokoni iko, akienda harusini iko chini ya kanga. Mteja akimletea kipimo alikipima upya. Akipima mwenyewe alipima tena, maana hata yeye mwenyewe hakujiamini sana. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atamsogeza mchimba kaburi kwanza ahakikishe urefu. Alicheka nao, kisha akaendelea kupima. Ndiyo maana kosa alilolifanya liliwashangaza watu wote, na yeye kuliko wote.

Karakana yao ilikuwa jengo refu la bati, zamani ghala, lenye benchi arobaini na kila benchi na mwenyewe. Mwishoni kabisa, nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, ulikaa msumeno mkubwa wa meza, mali ya wote. Vumbi la mbao lilitua juu ya kila kitu. Ukinywa chai pale ulikuwa unakunywa chai na mninga kidogo, na baada ya miaka hakuna aliyelalamika.

Siku za nyuma walikuwa na mwenyekiti. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, ila funguo zilikuwa mfukoni mwake, mhuri ulikuwa mfukoni mwake, na uamuzi nao ulikuwa mfukoni humo humo. Aliposafiri kwenda msibani, karakana ilifungwa siku tisa. Mafundi arobaini walikaa nje juu ya magogo wakitazama kufuli, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa wakaambiwa amelala. Aliporudi walimpa pole za msiba, kisha wakamwambia kwa adabu zote kwamba hawataki tena mwenyekiti, awe yeye au mwingine.

Aliyewaletea njia mpya alikuwa Wifi. Huyu alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Futi, fundi wa vanishi, aliyesomea mambo ya kompyuta kabla ya kugundua kwamba anapenda zaidi harufu ya mbao. Kwa Mama Futi alikuwa wifi kweli. Wengine walidandia tu, hata wanaume wenye ndevu, na ukimwuliza mwanamume mzima amempataje wifi, alikujibu kwamba ni wa karakana. Ni Wifi pia aliyefunga waifai pale, na mzaha wa jambo hilo ulishachakaa zamani.

Wifi aliwaeleza hivi. Chama chao hakitakuwa na daftari la kufungiwa kabatini. Daftari litakaa ndani ya mashine nyingi kwa wakati mmoja, kila mahali nakala ile ile, na kila jambo jipya litafungwa kwenye jambo lililotangulia, pete kwa pete, hata mtu akitaka kufuta moja itambidi avunje zote mbele ya macho ya watu. Wenyewe waliosomea wanaita blokcheni. Karakana ikaita Mnyororo, ikaishia hapo. Mwanachama yeyote akiwa na jambo ataandika hoja, kisha atachagua kwenye orodha tendo linalotakiwa kufanyika. Hoja itakaa wazi siku tano. Wakipiga kura watu ishirini na saba au zaidi, na Ndiyo zikazidi Hapana, Mnyororo utalitenda jambo lenyewe, bila kumngoja mtu aweke sahihi. Mlango na msumeno mkubwa vingeusikiliza Mnyororo. Ukisogeza simu yako kwenye kitasa na jina lako limo daftarini, kitasa kinafunguka; msumeno nao unawaka vivyo hivyo.

Fundi Randa ndiye aliyeuliza swali siku ile. "Na ukikosea huo Mnyororo, tunamshitaki nani?"

"Hakuna wa kumshitaki, Mzee," alijibu Wifi. "Ndiyo uzuri wake."

Wakacheka wote, wakakubali.

Huyu Fundi Randa ndiye mkongwe wa karakana. Alikuwa mbishi, mwenye majivuno yake, na majivuno hayo yalikuwa na sababu moja tu: alikuwa amefanya kazi ya useremala miaka arobaini na moja na vidole vyake vyote kumi vilikuwa mahali pake. Maseremala wa rika lake walikuwa na nane, wengine saba na nusu. Yeye alipomsalimia mtu alimpa mkono ukiwa umetanuka, ili mtu aone hesabu. Mama Futi alikutana naye miaka ishirini iliyopita alipomletea kitanda kitengenezwe. Walibishana juu ya upana, fundi akamtupia futi akamwambia pima mwenyewe basi. Akapima, na ikawa fundi amekosea kwa upana wa kidole. Mwingine angenuna. Fundi Randa alitazama kile kipimo, akamwuliza kama ana kazi ya kufanya kesho. Tangu siku hiyo alimwita binti yangu, na kila anachokijua Mama Futi kuhusu mbao alikitoa kwake.

Mnyororo ulikuwa na ruhusa moja ambayo mafundi waliipenda kuliko zote. Mtu asiyetaka kusumbuka na simu aliweza kumkabidhi mwenzake kura yake aibebe, na kila mbebaji akipiga kura, zile alizobebeshwa zinakwenda na yake. Baada ya miaka miwili, Mama Futi alikuwa amebeba kura kumi na moja za watu, na yake kumi na mbili. Hakuziomba. Watu walimletea kama unavyomwachia jirani ufunguo, kwa sababu anajulikana hafanyi mambo ovyo. Ya Fundi Randa ilikuwa miongoni mwake. Yeye sababu yake ilikuwa ya mwili: dole gumba lake lilikuwa limekauka kwa gundi na msasa hata kioo cha simu hakikulitambua. Alibonyeza, simu ikatulia tu. Siku ya kukabidhi kura ilibidi Wifi ambonyezee.

Mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka mwaka uliopita. Hakuna aliyelisema. Siku moja asubuhi, akiwa kwenye msumeno mkubwa, mkono uliyumba, ubao ukaenda upande, msumeno ukaurusha nyuma. Ubao ulipita karibu na sikio la Fundi Kabati, ukagonga ukuta, ukaacha alama kwenye bati ambayo ipo hadi leo. Fundi Kabati alikuwa mtengenezaji wa makabati, mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi akikanyagwa. Alikaa chini kwenye vumbi, akashika sikio lake, akakuta lipo. Fundi Randa alizima msumeno, akasema mbao za siku hizi hazina adabu. Lakini kuanzia siku hiyo ukaingia mnong'ono. Mmoja alisema mzee apumzishwe, mwingine akasema atafutiwe njia ya kutoka kwa heshima. Mama Futi alisikia maneno hayo, na yalimkera sana.

Siku chache baadaye Fundi Kabati aliandika hoja. Alitaka jambo dogo tu, kwamba mzee aache ule msumeno, mengine yote abaki nayo. Lakini kumwandikia mkubwa wake kwamba akatazwe kitu, na maandishi yenyewe hayafutiki milele, mkono ulimgoma. Akaandika vile anavyosema mdomoni, kama mtu anayemwambia mgeni si vizuri ukae kidogo upumue. Aliandika: Si vizuri Fundi Randa apumzike. Alama ya kuuliza hakuweka, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuiweka popote. Kisha alitafuta kwenye orodha ya matendo neno la kupumzisha, hakuliona. Kulikuwa na kuingiza mwanachama, kutoa mwanachama, na kubadilisha simu. Akachagua kutoa, akiamini ni kutoa kwenye msumeno.

Kila anayesema lugha yetu anajua kwamba maneno yale yana nyuso mbili. Sauti ikipanda mwishoni, unashauriwa jambo: apumzike, si vizuri? Sauti ikishuka, unakatazwa: kumpumzisha mzee huyu si vizuri. Mdomoni hatupotezani hata siku moja. Simu haina sauti.

Hoja ilimkuta Mama Futi anagandisha miguu ya kiti. Simu ilikuwa pembeni ya chungu cha gundi. Aliisoma mara moja, bila kushuka hadi kwenye tendo lililoandikwa chini kwa herufi ndogo, na moyo ukamchangamka, maana aliona hatimaye amepatikana mtu wa kumtetea mzee wake dhidi ya minong'ono. "Ndiyo," alisema kwa sauti, peke yake. "Si vizuri hata kidogo." Akabonyeza Ndiyo. Kura kumi na mbili zikaondoka kwa mkupuo, akarudi kwenye kiti chake. Kupiga msumari kungechukua muda mrefu zaidi.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakujua kwamba utakuja wakati ulimi wa mtu utakaa kwenye dole lake.

Asubuhi ya siku ya sita, Fundi Randa alifika wa kwanza kama kawaida yake, begi la chakula begani. Alisogeza simu kwenye kitasa. Taa nyekundu. Akaifuta simu kwenye shati, akaisogeza tena, taa nyekundu. Wengine walipofika walifungua kwa simu zao, wakamkaribisha apite, lakini aligoma. Alisema mlango usiomjua hawezi kuuingia kwa mgongo wa mtu.

Wifi alikuwa ametoka wiki ile kwenda kupaka vanishi milango ya hoteli, na hoja hakuwa ameiona. Alirudi asubuhi hiyo hiyo, akakuta kundi mlangoni, akafungua daftari kwenye simu yake. Akataka kuirudisha simu mfukoni. Kisha, kwa sababu Fundi Randa alimwamuru asome, akasoma. Hoja: si vizuri Fundi Randa apumzike. Tendo: kutoa mwanachama. Ndiyo thelathini na tatu. Hapana moja. Wasiopiga sita. Limetendwa.

Akaendelea kusoma majina, kwani kwenye Mnyororo majina yote yako wazi. Alipofika katikati akasoma polepole. Palikuwa pameandikwa: Fundi Randa, Ndiyo, imebebwa na Mama Futi.

"Soma tena," alisema mzee.

Akasoma tena.

"Kwa hiyo na mimi mwenyewe nimesema nitoke."

 Mzee alimtazama Mama Futi, si kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata Mama Futi maini. Kisha alihamisha begi kutoka bega hili kwenda lile, akaondoka kwa miguu.

Mchana Mama Futi alimfuata nyumbani. Mke wake alimfungulia, akamwambia yuko uani. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, kipande cha mbao mapajani, hakifanyii chochote. Mama Futi alimweleza yote: lile neno si, ile alama ambayo haikuwepo, jinsi alivyofurahi alipobonyeza. Alieleza vizuri, maana njia nzima alikuwa akipanga maneno. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Neno nimelielewa," alisema. "Hata mimi ningeweza kulikosea. Lakini nikuulize, binti yangu. Miaka miwili umebeba kura yangu. Ni lini ulinipigia simu ukaniuliza, Mzee, hii yako naielekeza wapi?"

Mama Futi alizipitia hoja zote kichwani. Hakuwahi. Wala wale wengine kumi hakuwahi kuwauliza. Kila hoja alibonyeza anavyoona yeye, akidhani kuaminiwa ndiyo kuulizwa.

"Ungeniuliza siku hiyo moja tu," alisema mzee, "ningekuwa kazini sasa hivi."

Alirudi karakana akiwa na aibu ambayo hakuijua tangu alipokuwa mwanafunzi. Akamwambia Wifi afute. Wifi akamkumbusha kwamba hakuna kufuta, hakuna hata wa kuombwa afute. Enzi za mwenyekiti ungekwenda kwake ukapiga magoti, akakukemea kidogo, akachukua kalamu. Sasa njia ilikuwa moja: hoja mpya, siku tano, watu ishirini na saba. "Na shida siyo siku tano," alisema Wifi. "Shida ni kwamba hatujui watu walimaanisha nini. Huenda kweli wanataka atoke."

Basi Mama Futi akafanya anachokijua, akaenda kupima. Alipita benchi kwa benchi, futi kiunoni, akimwuliza kila mmoja alipobonyeza Ndiyo alikuwa anasema nini. Ukiacha zile kumi na mbili zake, Ndiyo zilikuwa ishirini na moja. Kumi na nne walisema walimaanisha mzee abaki, na walipojua walichofanya, baadhi yao waliweka chini patasi. Watano walimaanisha apumzike, lakini walipobanwa wote walisema ni msumeno tu, nani anataka mzee aondoke. Wawili walikiri kwamba hawakusoma. Waliona jina la Mama Futi limeshapita, wakafuata mkumbo. Hawa wawili ndio waliomuuma zaidi. Fundi Kabati alipoambiwa hoja yake imefanya nini alilia waziwazi, akaomba radhi mara nyingi hata Mama Futi akalazimika kumbembeleza yeye.

Mtu mmoja tu katika karakana nzima alikuwa amepiga kura ya kumbakiza mzee, naye ni Bwana Hapana. Huyu alikuwa mtengenezaji wa fremu za milango, na tangu Mnyororo uanze hakuwahi kubonyeza kitufe kingine. Alipinga kununuliwa kwa fagio. Alipinga siku ya usafi. Mama Futi alimwuliza kama alielewa kwamba hoja ile ilikuwa na mtego.

"Sikuisoma," alisema Bwana Hapana. "Tangu tuanze hakuna aliyeniuliza jambo la maana."

Hapo Mama Futi aliona kitu ambacho mafundi wote arobaini hawakuwa wamekiona. Akachukua kipande cha mbao laini na penseli, akaandika hoja mpya kwa mkono, akampelekea Bwana Hapana. Hakumwuliza kama anaikubali. Alimwuliza: ukibonyeza Ndiyo, kesho asubuhi kitatokea nini? Bwana Hapana, kwa kuwa alitafuta kasoro kwa moyo wote, alizipata. Hoja ya kwanza aliyomwandikia ilikuwa na "asiendelee kuzuiwa" na akasema hata yeye kichwa kimemzunguka. Ya pili ilikuwa na heshima nyingi mno na haikusema lolote. Ya nne ikapita: Fundi Randa arudishwe kuwa mwanachama leo. Na kuanzia hapo ikawa sheria ya karakana, haijaandikwa popote lakini hakuna anayeivunja. Hoja haiendi kwenye Mnyororo mpaka isomwe kwa sauti benchini kwa Bwana Hapana, na neno si halimo.

Jambo la pili alilolifanya liliwaudhi watu. Aliwarudishia kura zao. Wale kumi walilalamika kwamba wana kazi, kwamba simu zao zimejaa vumbi, kwamba vidole vyao havisomeki. Wana haki, mkono wa seremala na kioo cha simu havijazoeana. Mama Futi aliweka bakuli la maji na kitambaa kwenye benchi lake, akawaambia walowanishe dole wafute, kisha wabonyeze wenyewe mbele yake. Mmoja alimwuliza kwa nini anajitesa, wakati wote wanataka kile kile anachotaka yeye.

"Mara ya mwisho pia mlikuwa mnataka ninachotaka mimi," alijibu Mama Futi.

Siku tano zilipita. Ndiyo thelathini na sita, Hapana moja. Bwana Hapana alieleza kwamba amefurahi sana mzee anarudi, ila mazoea ni mazoea.

Fundi Kabati naye alikuwa na hoja yake tayari, safari hii imepita benchini mara tatu: Simu ya Fundi Randa iondolewe kwenye msumeno mkubwa. Wifi aliongeza tendo hilo kwenye orodha kwa hoja nyingine ndogo. Mama Futi aliomba kitu kimoja tu, kwamba isipelekwe mpaka mzee awe amerudi daftarini, kwa sababu mtu hajadiliwi akiwa nje ya mlango. Wakakubaliana ipelekwe dakika ile ile atakapoingia.

Mnyororo haumwingizi mtu kwa nguvu. Aliyerudishwa hutumiwa ujumbe kwenye simu yake, na lazima akubali mwenyewe. Siku mbili ujumbe ulikaa bila kujibiwa. Siku ya tatu Mama Futi akaenda, akamkuta mzee uani kwake, simu iko juu ya kigoda kingine kama mgeni asiyezungumzishwa.

"Nimejaribu," alisema Fundi Randa kabla hajaulizwa. "Haiwaki. Nibonyezee."

"Hapana, Mzee wangu."

Alimtazama kwa mshangao. Mama Futi alikalia mikono yake, kweli kabisa, akaiweka chini ya mapaja asije akajisahau. Mzee alijaribu dole gumba, kioo kikanyamaza. Alijaribu cha shahada, kikanyamaza. Cha kati kilikuwa na sugu kama kwato.

"Jaribu kidole kisichofanya kazi," alisema Mama Futi.

Alikunja vinne, akabakiza kile cha mwisho, kidogo, ambacho miaka arobaini na moja kilikuwa kinasindikiza tu wenzake. Akagusa. Simu ikang'aa.

"Kumbe hata huku mvivu ndiye anayependwa," alisema mzee, na Mama Futi akacheka hadi akatokwa na machozi, au pengine machozi yalitangulia.

Kuhusu msumeno hawakusema kitu. Alimwonyesha tu kwamba kuna hoja nyingine imefunguka, akamsomea mara mbili, akaaga. Njiani alisimama kando ya duka la vifaa vya ujenzi, akatoa simu. Alijua mkono wa mzee unatetemeka. Aliiona ile alama kwenye bati kila siku. Lakini alikuwa amemtoa mara moja, na kumnyang'anya tena kitu kingine, hata kama ni kwa haki, hakuweza. Alibonyeza Hapana. Kisha orodha ikafunguka, akaona jina lake si la kwanza. Juu yake, dakika chache kabla, palikuwa pameandikwa: Fundi Randa, Ndiyo. Safari hii hakuna aliyembebea.

Alisimama pale na simu mkononi, watu wakimpita na mabomba na ndoo za rangi. Kufuta hawezi. Majina mawili yatakaa hivyo, moja juu ya jingine, hadi Mnyororo wenyewe uishe.

Watu walipoona mzee amejipigia Ndiyo, wengi walifuata, na hoja ikapita kwa urahisi. Hapana zilikuwa mbili: ya Mama Futi na ya Bwana Hapana, ambaye alikuja kumpa Mama Futi mkono akamwambia karibu kwenye Hapana.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo Fundi Randa alisogeza simu kwenye kitasa, taa ikawa kijani, akaingia. Hakutazama upande wa mstari mwekundu. Alikwenda benchini kwake, akachukua randa, ile iliyompa jina, akaiweka juu ya ubao na kuishika kwa mikono yote miwili. Kwa mikono miwili mtetemeko haukuonekana. Maranda yakaanza kutoka, membamba, yakijikunja hadi sakafuni. Mama Futi alisogea taratibu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mara ya kwanza ulinitoa kwa kunipenda," alisema mzee bila kuacha kazi. "Mara ya pili umetaka nibaki na msumeno uje unikate, kwa kunipenda vile vile. Binti yangu, si ungeniuliza?"

"Haya, nakuuliza sasa."

Fundi Randa aliweka randa chini. Akatanua mikono yote miwili mbele yake juu ya ubao, ule wa kushoto ukitikisika kidogo, kidole cha mwisho kikiwa bado hakina hata alama ya gundi.

"Nataka kuondoka hapa nikiwa hivi," alisema. "Hesabu."

Mama Futi akahesabu. Kisha, kwa kuwa ndiye Mama Futi, akahesabu tena.